Waziri asiye na wizara Uholanzi: maswali yanayoulizwa kila mara

Kila Uholanzi ikiunda serikali mpya maswali ni yaleyale, hasa kwa watu wanaofuatilia siasa za Ulaya wakaona orodha ya mawaziri ni ndefu kuliko orodha ya wizara. Tumeyakusanya hapa, ya kawaida yako juu, ya kichwa kuuma yako chini.

## Mambo ya msingi

1. Waziri asiye na wizara ni nani hasa?

Ni waziri kamili wa serikali ya Uholanzi, ameapishwa na mfalme kama wenzake, ila hakuna wizara anayoiongoza. Kazi anayo, tena imeandikwa kabisa, lakini jengo, katibu mkuu na wafanyakazi wote ni wa wizara ya mwenzake. Katiba yao kifungu cha 44 inasema wizara zinaanzishwa kwa amri ya kifalme na kila moja inaongozwa na waziri, afu inaongeza kwamba wanaweza pia kuteuliwa mawaziri ambao hawakupewa wizara ya kuongoza. Ni hako kasentensi kamoja tu, na mambo yote mengine mtakayosoma hapa chini yamesimama juu yake. Kwa Kiholanzi wanaitwa *minister zonder portefeuille*.

2. Kwa hiyo ni cheo cha kumpoza mtu, kazi hakuna?

Hapo wengi wanakosea. Chukua Rob Jetten, Januari 2022 aliapishwa kuwa waziri wa tabianchi na nishati, wizara hana, yuko ndani ya wizara ya uchumi. Mwezi uliofuata Urusi ikavamia Ukraine, gesi ikapanda bei, na mtu aliyetakiwa kusema Uholanzi itapata wapi gesi ya kupashia nyumba joto ni yeye. Juu ya hapo serikali ile ilikuwa imetenga mfuko wa tabianchi wa euro bilioni 35, na msimamizi wake ni huyohuyo asiye na wizara.

Mwenzake Hugo de Jonge alipewa nyumba na mipango ya ardhi, akiwa ndani ya wizara ya mambo ya ndani. Lengo likawa nyumba 900,000 hadi 2030, katika nchi ambayo vijana wanazeeka wakiwa kwa wazazi kwa kukosa pa kupanga. Sasa uniambie kama hiyo ni kazi ya kupozwa.

3. Nikisoma habari nitamjuaje ni yupi mwenye wizara na yupi hana?

Angalia neno dogo katikati ya cheo. Anayeongoza wizara anaandikwa *minister van*, asiye na wizara anaandikwa *minister voor*. Kwa hiyo aliyekuwa *minister voor Rechtsbescherming*, yaani ulinzi wa haki, hakuwa na wizara, ila aliyekuwa *minister van Justitie en Veiligheid* ndo mwenye jengo. Magazeti ya nje hayajali hiyo tofauti kabisa, wote wanaandikwa waziri wa kitu fulani, kwa hiyo ukitaka uhakika nenda kwenye Kiholanzi chenyewe.

4. Ana kura sawa na wengine kwenye baraza la mawaziri?

Sawa kabisa. Baraza la mawaziri linakutana kwa kawaida kila Ijumaa, waziri mkuu anaongoza kikao, na asiye na wizara anakaa mezani, anachangia na kupiga kura kama wengine. Mshahara ni uleule. Anasaini sheria pamoja na mfalme kwa mambo yake, na anawajibika bungeni yeye mwenyewe, hajibu kwa mgongo wa mtu. Kisheria hakuna waziri nusu.

Kwenye uzito wa kweli, ule wa nani anapigiwa simu kwanza, hiyo ni habari nyingine na inategemea vitu viwili, pesa (swali la 11) na uhusiano wake na mwenye wizara (swali la 12).

5. Basi tofauti yake na naibu waziri ni nini?

Waholanzi wana watu wanaoitwa *staatssecretaris*, ambao ukiwaita manaibu waziri hujakosea sana. Huyo anafanya kazi kwa niaba ya waziri na kwa kufuata maelekezo ya waziri wake, na kwenye kikao cha baraza la mawaziri anaingia pale jambo lake linapojadiliwa, anatoa ushauri, kura hana. Tena kuna desturi kwamba waziri wake akiondoka na yeye anaweka kiti chake rehani, ingawa mara nyingi anarudishwa.

Asiye na wizara haelekezwi na mtu. Mwenye wizara anayemkaribisha hawezi kumwambia fanya hivi, na mwenye wizara akijiuzulu kesho yeye anaendelea na kazi zake.

6. Ni kitu kilekile na mawaziri wasio na wizara maalum wa huku kwetu?

Jina linafanana, kazi hapana. Tanzania cheo cha waziri asiye na wizara maalum mara nyingi maana yake rais anamtaka mtu ndani ya baraza, afu majukumu atapangiwa, kama Profesa Mark Mwandosya alivyowekwa Ofisi ya Rais mwaka 2012. Zanzibar nao wamekuwa nao. Uganda ndo wazi zaidi, Haji Abdul Nadduli aliteuliwa 2016 na shughuli yake ilikuwa uhamasishaji wa kisiasa.

Uholanzi ni kinyume, mtu anaingia akiwa na somo lenye jina lake, elimu ya msingi na sekondari, mazingira ya asili na naitrojeni, huduma za wazee, na ukimuuliza mtu wa kawaida wa Utrecht huyu anashughulika na nini atakwambia bila kufikiri, asichojua pengine ni kwamba hana wizara. Huo muda wa "atapangiwa kazi" haupo.

## Kwa nini wapo

7. Si waanzishe tu wizara mpya, shida iko wapi?

Wizara mpya ni gharama na ni vurugu. Kuna kuhamisha watumishi, katibu mkuu mpya, mifumo ya kompyuta, mkaguzi, fungu jipya la bajeti, na baada ya miaka miwili kabineti ikianguka anakuja mwingine anaunganisha tena. Wizara ya kilimo yao imewahi kumezwa na ya uchumi mwaka 2010 ikarudishwa 2017, ukiongea na watumishi wa pale wameshachoka kubadilisha vibao vya mlangoni. Kumweka waziri wa ziada ndani ya wizara iliyopo ni fasta, ni amri ya kifalme tu na ofisi moja zaidi ghorofani.

8. Ni kweli wanawekwa ili vyama vigawane vyeo?

Ndiyo, na hawafichi sana. Uholanzi hakuna chama kinachopata wingi wa viti 150 vya Baraza la Pili, yaani bunge lao la chini, kwa hiyo kila serikali ni ya mseto, na mseto ni hesabu. Kabineti ya nne ya Mark Rutte iliyoapishwa tarehe 10 Januari 2022 ilikuwa na vyama vinne na wizara 12. Ukizigawa 12 kwa vyama vinne kwa uwiano wa viti, chama kidogo kama ChristenUnie kinabaki na wizara moja, na wakubwa nao wanalalamika. Walichofanya ni kuongeza mawaziri wanane wasio na wizara, jumla ikawa 20, VVD wakachukua wanane, D66 sita, CDA wanne, ChristenUnie wawili. Kila mtu akaondoka mezani na kitu.

Ila sio vyeo tu. Kuna kuonyesha umma kwamba jambo fulani limepandishwa daraja. Ukisema tumeweka mkurugenzi wa mambo ya naitrojeni hakuna anayesikia, ukisema tuna waziri wa naitrojeni gazeti zima limeandika. Na sababu ya tatu haizungumzwi sana, kuna wizara ambazo ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Afya na elimu ndo mfano, bunge linaita waziri kila wiki kwa mijadala mitatu minne, mtu mmoja hawezi, na naibu hatoshi kwa sababu wabunge wanamtaka mwenye kura.

9. Nani anaamua awepo nani na afanye nini?

Vyama vyenyewe wakati wa mazungumzo ya kuunda serikali. Anayeunda, ambaye kwa kawaida ndo waziri mkuu ajaye, anakamilisha orodha, mfalme anasaini uteuzi na waziri mkuu anasaini pembeni. Kabineti ikianza inatoka amri inayosema fulani anashughulikia moja mbili tatu. Mfalme hapo hachagui mtu, katiba inasema mfalme haguswi na wenye dhamana ni mawaziri.

## Kuishi ndani ya wizara ya mwingine

10. Anakaa wapi na wafanyakazi wake ni nani?

Anakaa The Hague ndani ya wizara inayomkaribisha. Ni mpangaji, mwenye nyumba ni waziri anayeongoza wizara. Ana ofisi yake, makatibu wake, msemaji wake, mshauri wake wa kisiasa na dereva. Wataalamu wanaoandika sera ni wa wizara, wanasimamiwa na katibu mkuu mmoja ambaye bosi wake ni mwenye wizara.

Kwenye karatasi hakuna tatizo, idara fulani inapewa kumhudumia. Wizara ya mambo ya nje kwa mfano ina kurugenzi kuu ya ushirikiano wa kimataifa, wanaiita DGIS, na miaka mingi kurugenzi hiyo imekuwa mkono wa waziri wa maendeleo, wakati kurugenzi nyingine za jengo lilelile zinamtazama waziri wa mambo ya nje. Kwa idara kubwa na ya zamani kama hiyo mambo yanakwenda. Shida ni kwa somo jipya ambalo halina idara, watu wanaazimwa huku na huku, na mwaka wa kwanza unaisha kwenye kupanga viti.

11. Pesa zake zinatoka wapi?

Kuna njia mbili na tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza na ya kawaida, matumizi yake yamo ndani ya fungu la wizara inayomkaribisha. Arie Slob alikuwa waziri wa elimu ya msingi na sekondari 2017 hadi 2022, shule zote hizo zilikuwa kwenye fungu la wizara ya elimu. Hapo ukitaka kuhamisha euro milioni kadhaa itabidi ukae na mwenye fungu.

Ya pili, anapewa fungu lake. Biashara ya nje na maendeleo wana fungu namba XVII, mambo ya nje wana V, ni vitabu viwili tofauti vinavyopelekwa bungeni Jumanne ya tatu ya Septemba. Namba hiyo XVII kabla ya hapo ilikuwa ya André Rouvoet, waziri wa vijana na familia 2007 hadi 2010. Yeye na Ella Vogelaar wa nyumba, mitaa na utangamano waliitwa mawaziri wa programu, wazo likiwa kwamba somo linakatwa kutoka wizara kadhaa, linapewa mtu mmoja na pesa zake. Kwa Rouvoet ilifaa kiasi. Wizara aliyokaa ilikuwa ya afya lakini faili zake zilitoka pia sheria na kwingineko.

Kwa maoni yangu hili ndo swali la kwanza la kuuliza akitajwa waziri mpya wa aina hii, ana fungu au hana, jina la cheo ni la pili.

12. Akigombana na mwenye wizara inakuwaje?

Hakuna wa kumwamuru mwenzake, kwa hiyo wasipoelewana suala linapanda kwa waziri mkuu au baraza la mawaziri. Ila mara nyingi sio ugomvi, ni mambo mawili yasiyokwenda mwendo mmoja, na mfano mzuri ni 2022.

Wizara ya kilimo mwaka ule ilikuwa na mawaziri wawili. Henk Staghouwer wa ChristenUnie ndo mwenye wizara, wakulima ni wake. Christianne van der Wal wa VVD ni waziri wa asili na naitrojeni, hana wizara, kazi yake ni kupunguza hewa chafu zinazotoka hasa kwenye mifugo. Tarehe 10 Juni Van der Wal akatoa ramani ya nchi nzima inayoonyesha kila eneo lipunguze asilimia ngapi, sehemu nyingine 70, karibu na hifadhi hata 95. Siku ileile Staghouwer akatoa barua yake ya kuwaambia wakulima maisha yataendeleaje, na barua ikaonekana nyepesi sana. Yaani mkulima wa maziwa anashika karatasi mbili kutoka jengo moja, ya kwanza inamwambia ng'ombe wapungue, ya pili haimwambii ale nini. Matrekta yakaingia barabarani, wengine wakafika hadi nyumbani kwa Van der Wal. Septemba Staghouwer akajiuzulu, akaja Piet Adema.

Angalia aliyeondoka ni nani. Mwenye nyumba kaondoka, mpangaji kabaki hadi mwisho wa kabineti.

13. Mbunge akiuliza swali nani anajibu?

Yule mwenye faili. Swali likigusa wote wawili wanajibu kwa barua moja yenye saini mbili, au wanakuja wote ukumbini. Wabunge wengine hawapendi, wanasema wanarushwa huku na kule, na kuna siku wana haki.

## Historia kidogo

14. Mambo haya yalianza lini?

Katiba iliwaruhusu rasmi kwa marekebisho ya 1938, manaibu walisubiri hadi 1948. Miaka miwili baada ya 1938 Ujerumani ikaivamia Uholanzi, serikali ikakimbilia London, na huko ndo cheo kilianza kutumika kwa mambo ya ajabuajabu.

Mtu wa kumkumbuka hapo ni Soejono, Mjava kutoka tabaka la watawala wa kienyeji, aliyeteuliwa Juni 1942 kuwa waziri asiye na wizara. Indonesia wakati huo imeshatekwa na Japani, Uholanzi inataka kuonyesha Wamarekani kwamba koloni linasikilizwa. Akawa Muislamu wa kwanza kuwa waziri Uholanzi na Mwindonesia pekee aliyewahi kukaa kwenye baraza lile. Hawakumweka aseme sana, lakini alisema, aliwaambia wenzake vuli ileile kwamba Waindonesia wapewe haki ya kuamua hatima yao, wakamkatalia. Januari 1943 akafariki London. Hiyo picha ya waziri ambaye cheo anacho na masikio ya wenzake hana, watu wa makoloni ya zamani tunaijua bila kufafanuliwa.

15. Ni kweli walikuwa na mawaziri wawili wa mambo ya nje?

Kweli, 1952 hadi 1956 chini ya waziri mkuu Willem Drees. Chama cha Kikatoliki KVP kilitaka mambo ya nje, wengine hawakutaka Mkatoliki pale kwa sababu Ufaransa, Ujerumani na Italia tayari mambo ya Ulaya yalikuwa mikononi mwa Wakatoliki, wakaogopa Ulaya itakuwa ya kanisa moja. Suluhu, Johan Beyen, mtu wa mabenki asiye na chama, akapewa wizara, na Joseph Luns wa KVP akawa waziri asiye na wizara humohumo. Wakagawana dunia, Beyen akachukua ushirikiano wa Ulaya, Luns akachukua Benelux (ushirikiano wa Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg), Umoja wa Mataifa na nchi mojamoja. Luns akiwa nje aliruhusiwa kujiita waziri wa mambo ya nje. Akiulizwa kwa nini nchi ndogo vile ina wawili anasemekana alijibu kwamba nchi ikiwa ndogo basi nje ndo kubwa zaidi.

Hawakupendana. Mpango wa soko la pamoja la Ulaya ni wa Beyen, aliusukuma hadi ukajadiliwa Messina 1955. Mkataba uliposainiwa Roma Machi 1957 Beyen ameshatoka, wizara ameichukua Luns peke yake, na sahihi ya Uholanzi pale ni ya Luns, ambaye aliendelea kukalia kile kiti hadi 1971.

16. Na huyu waziri wa maendeleo anayesikika sana Afrika?

Ndo wa kudumu kuliko wote. Alianza Theo Bot mwaka 1965, na tangu hapo karibu kila kabineti imekuwa na waziri wa misaada ndani ya mambo ya nje, bila wizara. Aliyejulikana zaidi ni Jan Pronk, alikaa 1973 hadi 1977 na akarudi 1989 hadi 1998. Wakati wake wa kwanza Uholanzi ilifikia lengo la Umoja wa Mataifa la kutoa asilimia 0.7 ya pato la taifa, mwaka 1975, na ikashika hapo hadi 2012. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kati ya nchi zilizopokea sana, kwa hiyo watu wa umri fulani wanaokumbuka miradi ya maji na ya mifugo yenye Waholanzi wamepitiwa na maamuzi ya mtu ambaye kwao hakuwa na hata wizara.

Mwaka 2012 Lilianne Ploumen akapewa misaada na biashara ya nje kwa pamoja, na mchanganyiko huo ukabaki kwa Sigrid Kaag, Liesje Schreinemacher na Reinette Klever. Kwa Kenya inagusa moja kwa moja, maua ya Naivasha yanakwenda kuuzwa mnada wa Aalsmeer, na waziri yuleyule anayezungumzia msaada ndiye anayezungumzia biashara. Kama hilo ni jema au ni kumfunga mbuzi na majani pamoja, wenyewe wanabishana hadi leo.

## Kesi zisizo za kawaida

17. Bunge likimkataa waziri asiye na wizara lazima aondoke?

Kura ya kutokuwa na imani ikipita anaondoka, kama waziri mwingine yeyote. Ila Desemba 2006 walipata njia ambayo ukiisoma unacheka. Rita Verdonk wa VVD alikuwa waziri wa uhamiaji na utangamano ndani ya wizara ya sheria. Bunge jipya likataka watu waliokaa miaka bila vibali wasifukuzwe kwanza, akakataa katakata, bunge likapitisha hoja ya kumlaumu. VVD wakasema akitoka yeye tunatoka wote. Suluhu wakabadilishana mafaili, mwenye wizara ya sheria, Ernst Hirsch Ballin, akachukua wakimbizi, Verdonk akapewa ulinzi wa watoto na mambo ya wafungwa wanaorudi uraiani, utangamano akabaki nao. Jengo lilelile. Kwa waziri mwenye wizara usingeweza kufanya hivyo kirahisi, kwa asiye nayo unahamisha karatasi tu.

18. Huyo Verdonk si ndo aliyeangusha serikali?

Ndiyo, miezi michache kabla ya hayo ya swali la 17. Mei 2006 alisema uraia wa mbunge wa chama chake mwenyewe, Ayaan Hirsi Ali, Msomali aliyekulia sehemu Nairobi, haukuwa halali kwa sababu ya jina alilojiandikisha nalo. Mwisho wa Juni D66 wakataka Verdonk aondoke, wenzake wakakataa, D66 wakajitoa, kabineti ya pili ya waziri mkuu Jan Peter Balkenende ikaanguka. Cha kuongeza ni kwamba mmoja wa mawaziri wawili wa D66 walioondoka, Alexander Pechtold, naye hakuwa na wizara, alishika mageuzi ya utawala. Kwa hiyo serikali nzima iliangukia kwa mtu asiye na wizara.

19. Akiugua au akijiuzulu ghafla?

Kuna mpango wa nani anamshikia nani, mara nyingi mwenye wizara anabeba. Bruno Bruins, waziri wa huduma za tiba, alianguka ukumbini bungeni tarehe 18 Machi 2020 kwenye mjadala wa korona, kwa uchovu, kesho yake akajiuzulu. Hugo de Jonge ambaye ndo alikuwa na wizara ya afya akachukua korona, na siku chache baadaye akaletwa Martin van Rijn wa PvdA, chama ambacho hakikuwa hata kwenye mseto, akakaa hadi Julai akaja Tamara van Ark.

Kinyume chake nacho kimetokea. Kajsa Ollongren wa mambo ya ndani aliugua mwishoni mwa 2019, naibu waziri Stientje van Veldhoven akapandishwa kuwa waziri wa mazingira na nyumba bila wizara, na Ollongren alipopona 2020 akarudi kuwa naibu. Na Stef Blok, waziri wa nyumba, alipohamishiwa wizara ya sheria Januari 2017 hakuletwa mtu, faili lake likarudi kwa mwenye wizara, Ronald Plasterk.

20. Anaweza kuwa naibu waziri mkuu?

Anaweza na wamekuwepo, Thom de Graaf, Rouvoet, Carola Schouten kwenye Rutte ya nne, na Jetten kuanzia Januari 2024 Kaag, aliyekuwa na nafasi hiyo, alipoondoka. Unaibu waziri mkuu unakwenda kwa chama, wizara haihusiki.

21. Somo lake linaweza kupanda likawa wizara kamili? Na kushuka?

Kabineti ya Dick Schoof, Julai 2024, ilifanya hivyo kwa wingi. Tabianchi ikawa wizara, nyumba ikawa wizara, na wakimbizi na uhamiaji, ambayo kwenye Rutte ya nne ilikuwa kwa naibu, ikawa wizara pia. Zikafika wizara 15 na asiye na wizara akabaki mmoja tu, Klever. Wanane wa swali la 8, ukitoa hicho kiti cha Klever, waliisha hivyohivyo, wengine masomo yao yamepata jengo, wengine yamerudi kwa mwenye wizara au yameshushwa kwa manaibu. Ila wizara kupata jina siku ya kuapishwa haina maana watumishi wamehama siku hiyo, wa uhamiaji waliendelea kutegemea wizara ya sheria kwa mengi.

Kushuka ni rahisi zaidi. 2010 Rutte alipoingia mara ya kwanza aliifanya maendeleo kuwa kazi ya naibu waziri, Ben Knapen, na 2012 ikapandishwa tena.

22. Anaweza kuwa mbunge wakati uleule?

Hapana. Tanzania waziri lazima atoke bungeni, Uholanzi kifungu cha 57 kinamtaka achague kimoja, na hii inawahusu wote wenye wizara na wasio nayo. Kuna tundu moja tu, kabineti ikishajiuzulu na inashikilia ofisi kusubiri warithi, waziri aliyechaguliwa kwenye uchaguzi mpya anaweza kukalia viti viwili. Jetten alikuwa hivyo kuanzia Desemba 2023 hadi Julai 2024, mbunge wa D66 na huku bado waziri wa tabianchi na nishati, na kwa hiyo kuna siku alistahili kuihoji serikali na kuijibia vilevile.